Palizi Kabla ya Plau: Trekta Dogo na Mkulima wa Peke Yake, Kwashemshi

Tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009, maendeleo ya zana za kilimo nchini yamekuwa yakipimwa kwa swali moja: ekari ngapi zimelimwa kwa trekta au pawatila, na ngapi bado zinalimwa kwa jembe la mkono? Takwimu iliyorudiwa majukwaani wakati ule ilisema kwamba karibu asilimia 70 ya eneo hulimwa kwa jembe la mkono, 20 kwa ng'ombe na 10 kwa trekta. Makala haya yanapinga kipimo hicho. Kwa mtu anayeanzisha na kuendesha shamba dogo peke yake katika nyanda za Korogwe na Handeni, kulima si kazi inayomshinda. Kinachomshinda ni palizi na pori linalorudi. Trekta dogo litamfaa endapo litanunuliwa, na shamba likapangwa, kwa ajili ya kazi hizo mbili kwanza, na kulima baadaye.

Ninayemzungumzia ni mtu wa ekari tano hadi kumi na tano kata ya Kwashemshi na majirani zake, chini ya milima ya Usambara, katikati ya mashamba ya mkonge. Anaweza kuwa mstaafu, mjane, au kijana aliyerudi kutoka mjini. Watoto wako shule, ndugu wana mashamba yao, na fedha ya vibarua haipatikani kabla ya mavuno. Maandishi yetu ya kilimo yamezoea kumtazama mkulima kama kaya yenye mikono mingi, au kama mwekezaji mwenye wafanyakazi. Huyu wa tatu yupo, anaongezeka, na hana sera inayomhusu.

Kwamba jembe la mkono linachosha na kwamba msimu haumsubiri mtu, hakuna anayebisha. Ubishi unaanzia kwenye hoja ya Pingali, Bigot na Binswanger katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu zana za kilimo Afrika kusini mwa Sahara. Wanasema plau na trekta huingia pale ardhi inapoacha kupumzishwa na visiki vinapokwisha. Kabla ya hapo, gharama ya kung'oa visiki humeza faida yote. Binswanger anaongeza kwamba kazi za nguvu tupu, kama kulima, kusaga na kusafirisha, hupata mashine mapema, na zile zinazohitaji jicho na uangalifu, palizi ikiwemo, hupata mashine mwishoni, ujira unapopanda. Kwa nchi nzima au kanda nzima, hoja hii ina ushahidi mzito na sioni sababu ya kuikataa. Lakini inachukulia kwamba mikono ya kupalilia ipo, na swali lililobaki ni bei yake tu. Kwa mtu aliye peke yake mikono hiyo haipo kwa bei yoyote anayoweza kuilipa mwezi wa nne. Mpangilio wa kihistoria wa jamii nzima hauwezi kugeuzwa kuwa ratiba ya shamba la mtu mmoja. Hapo ndipo wachumi hawa wanapofuatwa kupita mipaka ya hoja yao wenyewe.

Upinzani wa pili ni mkali zaidi. Holtkamp, katika kitabu cha mwaka 1990 kuhusu matrekta madogo ya magurudumu manne kwa nchi za joto, anaonyesha jinsi mashine zilizobuniwa mahsusi kwa wakulima wadogo zilivyokwama. Afrika Mashariki tuna mfano wetu: trekta dogo lililobuniwa miaka ya 1960 katika shamba la Chuo Kikuu cha Makerere huko Kabanyolo, Uganda. Swaziland walikuwa na Tinkabi katika miaka ya 1970. Yote mawili yalisifiwa, yakajaribiwa, na hayakuenea. Somo ambalo wengi wamelichukua ni kwamba udogo wenyewe ndio kosa. Silikubali. Mashine hizo ziliingizwa kwenye ushindani wa kulima, na katika kulima udongo mkavu trekta la nguvu za farasi 60 litalishinda la 20 siku zote. Kongwa ilitufundisha upande wa pili wa jambo hilo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa 1951 baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36, haukukosa mitambo mikubwa. Mitambo ilivunjikia kwenye mizizi ya vichaka na kwenye udongo ulioganda kama saruji kiangazi kilipofika. Nguvu pekee haikuzaa shamba.

Kwa nini basi maeneo haya hayakupita njia ya kati, ile ya maksai, aliyoihimiza Mwalimu Nyerere baada ya Azimio la Arusha? Jibu liko katika historia ya pori. James Giblin, katika utafiti wake wa mwaka 1992 kuhusu kaskazini mashariki mwa Tanzania, ameeleza jinsi Wazigua kabla ya ukoloni walivyoweza kufuga kwa kumzuia mbung'o asikaribie makazi. Kulima, kuchoma, kulisha mifugo na kukaa kwa mpangilio kulilisukuma pori mbali, na mahusiano ya wakubwa na wafuasi wao yaliiwezesha jamii kubaki mahali pamoja hata miaka ya njaa. Utawala wa Wajerumani na kisha wa Waingereza ulivuruga mahusiano hayo. Watu walitawanyika kwa njaa, pori likarudi, mbung'o akarudi nalo, na ng'ombe wakapungua. Helge Kjekshus alikuwa amesema jambo linalokaribiana na hilo kwa nchi nzima mwaka 1977, ingawa picha yake ya enzi za kabla ya ukoloni ni tulivu mno.

Wanahistoria wameisoma habari hii kama habari ya siasa na magonjwa. Mimi naisoma pia kama habari ya kazi. Kulizuia pori katika nyanda hizi hakujawahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Shamba lililoachwa misimu miwili, masika na vuli, tayari lina machipukizi ya vichaka yanayofika kiunoni. Mkulima wa peke yake leo anafanya kazi iliyofanywa na ukoo mzima, bila ng'ombe wa kulisha na bila majirani wa kuchoma pamoja. Fyekeo la trekta, lile lenye visu vinavyozungushwa na shafti ya nyuma, linachukua nafasi ya watu hao. Takwimu zetu za zana hazilitambui kabisa.

Nigeukie palizi, ambayo ndiyo uti wa hoja yangu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya kawaida ya sentimita 75 kwa 30, ekari hiyo ina mistari yenye urefu wa jumla wa mita 5,400 hivi na mimea karibu 18,000. Mwenye ekari tano ana kilomita 27 za mistari. Akipalilia mara mbili, ni kilomita 54, akiwa ameinama, hatua kwa hatua, na mvua ikinyesha. Palizi ya kwanza haiwezi kuahirishwa. Mahindi huumizwa zaidi na magugu kati ya wiki ya tatu na ya sita tangu kuota, na magugu yaliyong'olewa baada ya hapo yameshakula mbolea na maji. Kumbe trekta la kukodi lililolima ekari tano kwa siku moja limemfungulia mkulima huyu deni ambalo mikono yake haiwezi kulilipa kwa wakati. Mashamba mengi ya nyanda hizi ambayo hulimwa vizuri mwezi wa tatu na kuvunwa vibaya mwezi wa nane yana maelezo yake hapa, kabla ya kuilaumu mbegu au mvua.

Sasa tuibadilishe nafasi: sentimita 90 kati ya mistari na 25 kati ya mimea. Eneo la kila mmea ni lile lile, sentimita za mraba 2,250, kwa hiyo ekari inabaki na mimea ile ile 18,000. Urefu wa mistari unashuka hadi mita 4,500 hivi. Muhimu zaidi, trekta dogo ambalo rimu zake za nyuma zinaweza kugeuzwa hadi upana wa karibu sentimita 90 linaweza kuuweka mstari mmoja katikati ya magurudumu yake na kupita bila kukanyaga mahindi. Meno ya palizi yakiacha sentimita 15 kila upande wa shina, kinachobaki kwa jembe la mkono ni utepe wa sentimita 30 katika kila 90, yaani theluthi moja ya eneo. Kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, mita 4,500 ni saa moja na nusu. Weka nusu saa nyingine kwa kugeuza. Ekari tano ni siku mbili za kazi isiyokuwa ya kuinama, kisha mkono unamalizia theluthi. Ni kweli kwamba tumbo la trekta kama hilo liko chini na haliwezi kupita juu ya mahindi yaliyovuka magoti. Lakini kabla hayajafika hapo ndipo palizi inapohitajika zaidi.

Umbo la shamba nalo linaingia. Ekari ya mraba ina upande wa mita 63 na nusu hivi. Kwa mistari ya sentimita 90 dereva atageuza mara 70. Ekari ileile ikipimwa mita 150 kwa 27 ina mistari 30 tu. Anayeanza shamba jipya, akiwa bado anang'oa visiki, apime marefu, aache njia ya kugeuzia kila mwisho, na akishindwa kung'oa visiki vyote msimu wa kwanza, aving'oe kwanza vilivyo kwenye njia za magurudumu. Hivyo gharama ya visiki waliyoihofia Pingali na wenzake inagawanywa kwa miaka badala ya kulipwa yote siku ya kwanza.

Hakuna ugeni katika hili kwa mtu wa Kwashemshi. Mkonge unaomzunguka umepandwa kwa mistari pacha: mita moja kati ya mistari miwili, kisha njia ya mita nne, mimea ikiachana sentimita 80, jumla mimea 5,000 kwa hekta. Ile njia ya mita nne huwezesha kufyeka na kutoa majani. Mashamba makubwa yaliyoipeleka Tanganyika, na baadaye Tanzania, hadi tani zipatazo 230,000 za katani mwaka 1964 yaliipa nafasi ya kupita uzito sawa na nafasi ya mmea. Tumeishi jirani na somo hilo kwa vizazi, tukapokea kutoka kwake ujira tu.

Pingamizi la kwanza litahusu kilimo mseto. Kunde na maharage hupandwa katikati ya mistari, na meno ya trekta yatavifyeka. Kunde inaweza kuhamia ndani ya mstari, kati ya shina na shina, ambako mkono utapita hata hivyo. Muhogo hauwezi, nao utahitaji kipande chake. Hapo mkulima anapoteza kitu, na nakiri kwamba kwa kaya yenye mikono minne hasara hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko faida. Pingamizi la pili linasema kukodi ni nafuu kuliko kununua. Ni kweli kwa kulima. Kwa palizi soko la kukodi halipo: dereva anayelipwa kwa ekari hana sababu ya kwenda polepole kati ya mahindi ya mtu mwingine, na kila mtu anamhitaji wiki ileile. Anayemiliki ndiye atakayepalilia, na tela lake likimbebea mavuno hadi barabarani, au likiwabebea majirani kwa malipo, deni la mkopo litapungua. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1994, umekopesha matrekta kwa miaka mingi. Masharti yake hayana budi kuhesabu saa hizi pia, si ekari za plau peke yake.

Kuhusu pawatila, ambazo Kilimo Kwanza kilizitawanya kila wilaya, niseme kwa ufupi. Katika majaruba ya mpunga ya Mombo ziko nyumbani. Kwenye udongo mkavu wa nyanda za Handeni, mtu anayetembea nyuma yake kutwa nzima hajapunguziwa kazi.

Lipo pia suala la ujira. Eneo hili lina wazao wa manamba, vibarua wa mkataba, waliosafirishwa na SILABU, shirika la wenye mashamba ya mkonge lililoanzishwa mwaka 1944, na kufungwa kwa kipande cha siku 30 za kazi ndani ya siku 42. Wengine watasema kumpa mkulima trekta la palizi ni kuwanyang'anya vibarua riziki. Mkulima ninayemzungumzia hakuwaajiri hapo awali, kwa sababu hakuwa na cha kuwalipa. Akivuna, atakuwa nacho wakati wa kukoboa na kubeba.

Mipaka ya hoja lazima iheshimiwe. Miteremko inayopanda Usambara si ya trekta la aina yoyote, na mtu anayefanya kazi peke yake hana wa kumwita likipinduka. Trekta lisilo na nguzo ya kumkinga dereva na mkanda wake lisiuzwe kwa mkulima huyu. Hesabu zangu ni za jiometri. Udongo mwekundu wa Kwashemshi na udongo mweusi wa mabondeni utazirekebisha. Hata hivyo naona hoja inatosha kudai majaribio. TARI Mlingano, kituo kilichoanza mwaka 1934 kwa utafiti wa mkonge na kilicho karibu, Muheza, kipande mahindi kwa 90 kwa 25 bega kwa bega na 75 kwa 30, kipalilie kwa trekta dogo, na kihesabu saa za mtu mmoja pamoja na magunia. Nazo halmashauri za Korogwe na Handeni ziongeze safu moja katika taarifa zao za zana za kilimo: ekari zilizopaliliwa kwa mashine.