Mganga Hajigangi: Istilahi za Maradhi ya Akili na Kazi ya Uuguzi

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hii yatufaa tunapochunguza maneno ambayo kwayo muuguzi aliyepatwa na maradhi ya akili amekuwa akihukumiwa kazini.

Tuanzie Bagamoyo. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapo mwaka 1868, na mmoja wa watu wa shirika hilo, Padri Charles Sacleux, alikusanya maneno ya pwani hii kwa miaka mingi. Kamusi yake ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Sewa Haji, mfanyabiashara wa mji huo huo, alitoa fedha za kujengea hospitali. Hivyo hospitali na utafiti wa lugha vilikua jirani.

Neno lililotumika sana ni wazimu, lenye shina moja na mzimu na kuzimu. Kwa asili yake, laonyesha mtu aliyetwaliwa na nguvu za nje. Halina kadiri wala muda: mtu ama ana wazimu, ama hana. Wajerumani walipopokea wagonjwa Lutindi, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza walipofungua Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920, mgonjwa alitengwa mbali na kwao. Jina Mirembe likageuka kuwa mzaha vinywani mwa watu.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliweka jina jipya mahali pa sheria ya zamani. Aidha, kitenzi sonona, yaani kutia uchungu moyoni, siku hizi chatumika kama nomino ya ugonjwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kuwa uchovu mkubwa utokanao na kazi si ugonjwa, bali ni hali ya kazini. Mfasiri asichanganye mambo haya mawili.

Lakini hatari kubwa imo katika neno dogo: hafai. Tuchukue mfano wa muuguzi wa zamu ya usiku anayeugua sonona. Daktari ataka apumzike miezi mitatu, mfasiri wa fomu aandika, "Hafai kazi." Mwajiri asomaje? Katika mazungumzo yetu, mtu asiyefaa ni mtu asiye na thamani. Likizo yageuka kuwa kufukuzwa.

Pwani yenyewe yatupa dawa. Wazee husema "hawezi" wakiwa na maana kuwa mtu ni mgonjwa, wala hawamvunjii heshima. Akipona, aweza tena. Kwa hiyo twapendekeza "hawezi kazi kwa sasa", pamoja na kutaja kazi ipi na hadi lini. Usalama wa wagonjwa walindwa vilevile, kwa kuwa kikomo kimeandikwa wazi.

Tukumbuke pia kwamba muuguzi, kuuguza na kuugua ni maneno ya shina moja. Lugha ilikwisha kutambua kuwa anayeuguza naye huugua. Fomu zetu zisilisahau hilo.