Bunduki Hufuata Risasi Yake

Vilima vya Mwese, magharibi ya Mpanda kuelekea Ziwa Tanganyika, ni nchi ya Wabende na Watongwe, na bunduki iliyozoeleka huko tangu enzi za misafara ni gobore. Gobore halina chemba. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu na kushindiliwa kwa ufito, kisha hutiwa kipande cha risasi au hata cha chuma. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulilirefushia maisha: mataifa ya Ulaya yalizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, yakaachia bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu.

Tofauti na gobore, bunduki ya risasi ya ganda ina masharti yake. Chemba hukatwa kwa kipimo cha ganda moja tu: urefu wake, mteremko wa mabega yake, unene wa kitako. Ganda likizidi urefu, bolti haifungi, na mpigaji anajua mara moja kwamba amekosea. La hatari ni lile linaloingia bila kuwa mahali pake. Wajerumani wenyewe walikutana na jambo hilo. Risasi yao ya 1888 ilikuwa na kichwa chenye kipenyo cha milimita 8.08, mwaka 1905 wakaleta kichwa kipya chenye ncha kali, cha milimita 8.2 hivi, ndani ya ganda la ukubwa uleule. Iliingia vizuri katika bunduki za zamani, lakini kichwa kilibanwa ndani ya mtutu mwembamba na shinikizo likapanda. Bunduki zilizofanyiwa marekebisho ziligongwa herufi S ili askari azitambue.

Vita vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, askari wengi wa Mjerumani walikuwa na Mauser ya 1871: risasi moja moja, kipenyo cha milimita 11, baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Ushindi wa Tanga wa Novemba mwaka huo uliwapa bunduki za Kiingereza za kutosha kampuni tatu, bombomu 16 na risasi 600,000. Bunduki hizo zilikuwa na thamani kwa sababu zilitekwa pamoja na chakula chake. Risasi ya Mwingereza, .303, ina ukingo kwenye kitako na haiingii kwenye Mauser ya Mjerumani. Sanduku lake bila bunduki yake ni uzito wa bure kichwani mwa mpagazi.

Huyo mpagazi ndiye aliyelipa gharama ya tofauti hizi. Jeshi lenye bunduki za aina tatu hubeba akiba za aina tatu, na huko porini barabara ilikuwa miguu ya watu. Vitabu vya vita hivi vimetunza majina ya bunduki kuliko majina ya wapagazi, na hilo ni deni ambalo wanahistoria bado hawajalilipa.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyotumwa na Wajerumani, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na Mauser mpya za 1898 na mamilioni ya risasi. Waingereza waliishambulia wakaiacha ikiwaka, wakidhani imekwisha. Wapiga mbizi waliitoa shehena, lakini maji ya chumvi yalikuwa yameshapenya. Kazi iliyofuata ilikuwa ya mikono: kufungua ganda moja moja, kuanika baruti, kubadilisha fataki, kisha kufunga upya.

Upande wa ziwa, Wabelgiji waliitwaa Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba 19. Miongoni mwa bunduki za jeshi lao, Force Publique, ilikuwemo Mauser ya Ubelgiji ya 1889. Jina ni Mauser pande zote mbili za mapigano, lakini ya Mbelgiji ilikula risasi ya milimita 7.65 yenye ganda la milimita 53, na ya Mjerumani 7.92 yenye ganda la 57. Askari aliyeokota mkoba wa adui aliyekufa hakupata humo risasi hata moja ya kumfaa.

Kufikia mwisho wa 1917 akiba ya Wajerumani ilikuwa ukingoni. Novemba 25 walivuka Ruvuma wakaivamia kambi ya Wareno huko Ngomano. Walichukua risasi robo milioni, na bunduki zilizotosha zaidi ya nusu ya jeshi. Mauser za 1871 zikatupwa.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 25, 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo, kusini mwa Ziwa Tanganyika. Alikabidhi bombomu 37, saba tu kati yake za Kijerumani, mzinga mmoja wa Kireno, na bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Pamoja nazo zilikuwapo risasi 208,000, wastani wa chini ya 200 kwa kila bunduki hata kabla ya kuzilisha bombomu.