Amelia Earhart: mifupa, kichupa na tetesi

Tarehe 2 Julai 1937 rubani wa Kimarekani, Amelia Earhart, aliruka kutoka Lae, New Guinea, pamoja na Fred Noonan, kwenda kisiwa kidogo cha Howland katika Bahari ya Pasifiki. Meli ya Itasca iliyokuwa ikiwasubiri ilimsikia redioni akisema mafuta yanakwisha na kisiwa hakioni. Hawakuonekana tena.

Mwaka 1940 mifupa iliokotwa Nikumaroro, kiasi cha kilomita 650 kutoka Howland. Daktari Hoodless wa Fiji aliipima, akasema ni ya mwanamume. Baadaye mifupa ikapotea, vikabaki vipimo tu kwenye karatasi. Mwaka 2018 Profesa Richard Jantz alivipigia hesabu upya, akaona vinakaribiana sana na mwili wa Amelia. Hukohuko vimeokotwa vipande vya kichupa kinachofanana na cha dawa ya madoa ya uso. Lakini kichupa hakina jina la mtu. Na mwaka 2024, "ndege" iliyotangazwa kuonekana chini ya bahari, ilipokaguliwa ilikuwa mwamba.

Surat al-Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuchukua hatua. Bibi harusi mtarajiwa, ukiletewa neno juu ya mchumba wako, uliza: nani kaona? Ushahidi uko wapi? Usivunje posa kwa ajili ya mwamba. Na ukiletewa ushahidi wa kweli, usiuache ukapotea kama ile mifupa.