Mgeni Shambani: Habari ya Zao Lisilopimwa kwa Mizani

Ndugu wanachama, katika miaka hii kumi ya chama chetu kikuu tumezungumza sana habari za alizeti, magunia na bei. Leo twapenda kusimulia habari ya zao jingine, nalo ni mgeni alipaye ada ili aone mkulima afanyavyo kazi.

Wenzetu wa Kilimanjaro walianzisha chama cha KNPA mwaka 1925, kikafuatwa na chama kikuu cha KNCU mwaka 1933. Vyama vikuu vyote vya nchi vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kisha bei ya kahawa ikaanguka duniani, hata mwaka 2001 mkulima wa kahawa hakujua alilimie nini. Katika miaka iliyofuata KNCU, kikisaidiwa na marafiki wa Uingereza, kilianzisha huko Uru mradi uitwao Kahawa Shamba. Humo mgeni huchuma buni, huimenya, huikaanga, huitwanga katika kinu, kisha hunywa alichokitwanga mwenyewe. Mwenye shamba hupata malipo pasipo kuongeza hata mche mmoja! Hata kabla ya hapo, tangu katikati ya miaka ya 1990, vijiji vya Arusha kama Ng'iresi na Mto wa Mbu vilikuwa vikipokea wageni kwa msaada wa shirika la SNV la Uholanzi, na sehemu ya ada ikiwekwa katika mfuko wa maendeleo ya kijiji.

Na sisi je? Singida haina theluji wala pwani, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Lakini tunayo alizeti ichanuapo, mizinga ya nyuki katika vichaka vya Itigi na Manyoni, nyumba za tembe, na maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai. Huko Iramba iko Sekenke, ambako ilitoka dhahabu ya sarafu zenye picha ya tembo zilizopigwa Tabora mwaka 1916. Wasafiri wa lami ya Dodoma na Mwanza hupita karibu na hayo yote, wala hawashuki isipokuwa kununua kuku na asali.

Hata hivyo, mwaka 2020 maradhi ya korona yaliwazuia wageni duniani kote, na aliyetegemea ada peke yake alibaki mikono mitupu. Kwa maoni yetu, mgeni na awe tuta la pembeni, alizeti ibaki shamba lenyewe. Ada nayo iandikwe katika daftari la chama cha msingi na kutolewa stakabadhi, kama ilivyo kwa kila gunia. Tukiiacha mifukoni mwa wachache, ugomvi utafika kabla ya mtalii wa pili.

Tena nyuki hawamjui mgeni. Mavazi ya kujikinga hayana budi kununuliwa kwanza, kabla ya mtu yeyote kuchora kibao cha kukaribisha watu barabarani.