Bunduki Kando ya Kamera: Historia ya Silaha na Filamu Serengeti

Katika miaka ya 1920, Serengeti ikiwa bado haijawa hifadhi ya taifa, Mmarekani Martin Johnson alisimama nyikani mbele ya simba akizungusha mkono wa kamera yake ya filamu. Ubavuni pake alisimama mkewe, Osa, na bunduki yenye risasi za moto. Mume alitazama ndani ya kamera, mke akamtazama mnyama. Osa ndiye aliyesifika kwa shabaha. Filamu yao, Simba, ilitoka mwaka 1928.

Bunduki ile ilikuwa na kazi ya maana: kumlinda mtu ambaye macho yake yako kwenye kamera. Lakini ilikuwa na ubaya wake. Mnyama aliyesogelewa mno akashambulia, alipigwa risasi huku kamera ikizunguka, na tukio hilo likawa sehemu ya burudani. Simba wa Serengeti walikuwa wakiuawa na wawindaji kwa wingi, hata Waingereza wakatenga eneo dogo la hifadhi mwaka 1921, wakalipanua mwaka 1929. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa.

Baada ya hapo bunduki ilianza kurudi nyuma ya kamera. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakahesabu wanyama na kuwapiga picha kutoka angani. Michael alifariki Januari 10, 1959, ndege hiyo ilipogongana na tumbusi. Alikuwa na miaka 24. Filamu yao, iliyouambia ulimwengu kwamba Serengeti isife, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Muda mfupi baadaye John Wayne alikuja kaskazini mwa Tanganyika kuigiza katika Hatari!, filamu iliyotoka mwaka 1962. Humo wanyama walikamatwa wakiwa hai, na waigizaji wenyewe walishiriki kuwakimbiza.

Leo wapiga picha wanaosubiri nyumbu wavuke mto Mara, kule Kogatende na Lamai, hawaingii na silaha zao. Sheria ya Hifadhi za Taifa inakataza silaha bila kibali. Wanaposhuka kwenye gari kutembea porini, anayebeba bunduki ni askari wa uhifadhi, aliyefunzwa na anayejulikana. Tangu enzi za Osa hadi leo, jambo moja halijabadilika: kila aliyepo anajua bunduki iko kwa nani na ndani yake mna nini.

Ujuzi huo ulipokosekana, watu walikufa. Mwaka 1993, huko North Carolina, Marekani, mwigizaji Brandon Lee aliuawa wakati wa kutengeneza The Crow. Kichwa cha risasi ya bandia kilikuwa kimenasa kwenye mtutu bila mtu kukiona. Bunduki ilipojazwa risasi baridi, yaani yenye baruti bila kichwa, na kufyatuliwa, baruti hiyo ikakisukuma nje. Oktoba 21, 2021, huko New Mexico, risasi ya moto iliyochanganyika na za bandia ilimuua Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu ya Rust, na kumjeruhi mwongozaji Joel Souza. Muda mfupi kabla, ilitangazwa kwamba bunduki ile ni salama. Mwaka 2024 mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Serengeti bunduki ilisimama kumlinda mpiga picha. New Mexico ilimuua mpiga picha.

Haya yanawahusu vijana wa mkoa wa Mara wanaotengeneza filamu. Mtu akitaka kuigiza ujangili pembeni mwa Mugumu, au wizi wa mifugo Tarime, atashawishika kuazima gobore. Silaha hiyo ni ya hatari kwa namna yake. Hujazwa kwa mdomo wa mtutu, baruti kwanza, kisha vyuma, na ukiitazama kwa nje huwezi kujua kama imejazwa. Risasi baridi nayo si mchezo: haina kichwa, lakini nguvu ya mlipuko wake inaweza kumuua aliye karibu, kama alivyokufa mwigizaji Jon-Erik Hexum mwaka 1984.

Kwa hiyo bunduki ya mbao iliyochongwa na kupakwa rangi ndiyo inayofaa, na mlio uongezwe studio. Bunduki halisi ikilazimika, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ifuatwe, polisi wahusishwe, itunzwe na mtu mmoja mwenye ujuzi, aikague mbele ya wote kabla ya kila tukio, na risasi ya moto isikaribie eneo la kazi. Serikali ya kijiji nayo ijulishwe mapema. Tarime imezika watu waliouawa kwa bunduki za wezi wa mifugo, na mlio wa risasi huko hauchukuliwi kama igizo. Tukio la filamu likiharibika hurudiwa kesho. Uhai wa mpiga picha, mwigizaji au mwanakijiji haurudiwi.