Wake Waliotoroka Rungwe

Kabla ya mwanamke yeyote wa Rungwe kuketi kwenye kiti kikubwa cha uongozi, walikuwapo wake walioziacha nyumba za waume zao na kushika njia. Marjorie Mbilinyi, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika habari zao mwaka 1988 katika makala kuhusu wake waliotoroka wilayani humo kati ya 1919 na 1961, kipindi cha utawala wa Kiingereza. Historia ya uongozi wa wanawake nchini huanzia mara nyingi kwa Bibi Titi Mohamed na chama cha TANU. Kwa Rungwe inafaa kurudi nyuma zaidi, hadi kwenye mabaraza ya machifu, ambako kesi za ndoa, mahari na ugoni zilijaa kuliko nyingine zote.

Kutoroka hakukuwa jambo jepesi, na sababu yake ni ng'ombe. Baba wa Kinyakyusa, kabila la Rungwe, alipokea ng'ombe wa mahari ya binti yake, akawatoa ili mwanawe wa kiume apate mke, na mkwe aliyewapokea naye akawatumia kwa wanawe. Binti akimkimbia mume, mume alidai mifugo yake irudi, na kumbe ilishapita mazizi mawili au matatu. Ndoa ya kaka ikatikisika kwa sababu ya dada. Hivyo mwanamke alipofika kwao akiomba hifadhi, ndugu zake wa damu ndio waliokuwa na haraka ya kumrudisha alikotoka.

Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, alifanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Aliwakuta wavulana wakiondoka kwa baba zao kwenda kujenga vijiji vya rika lao. Aliwakuta pia mabinti waliochumbiwa wakiwa bado wadogo, vijana wa kiume waliosubiri mke kwa miaka kumi na zaidi, na wazee na machifu wenye wake wengi. Mke hakutakiwa kumtazama baba mkwe wala kutamka jina lake; akimwona njiani, alijificha. Katika sherehe ya ubusoka, ambayo kizazi cha wazee kilitumia kukabidhi nchi kwa vijana, waliokabidhiana ni wanaume.

Hata hivyo mila hizo zilikuwa na upande ambao leo umesahaulika. Kazi nzito ya kulima kwa jembe ilikuwa ya wanaume na wavulana. Mke alipanda, akapalilia na kuvuna, lakini mume mwenye heshima alionekana shambani kwake.

Mambo yaligeuka pale wanaume walipoanza kwenda kutafuta fedha za kodi na za mahari: dhahabu ya Lupa kule Chunya, shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, migodi ya Afrika Kusini. Jembe likabaki mikononi mwa wanawake. Tangu sheria ya mwaka 1926, Waingereza walitawala kwa kupitia machifu, na hapo masilahi ya pande mbili yakakutana. Chifu na wazee walitaka wake watulie majumbani. Serikali nayo ilihitaji chakula kizalishwe vijijini ili mfanyakazi alipwe ujira mdogo bila familia yake kufa njaa. Mbilinyi anaonyesha kwamba ndoa ya lazima na kazi ya lazima vilikwenda pamoja, na hoja hiyo ndiyo inayoyafanya makala yake yastahili kusomwa hadi leo. Mwanamke aliyeondoka alimwasi mume, naye alipunguza pia nguvu kazi ambayo utawala mzima uliitegemea.

Misheni ilikuwa mojawapo ya makimbilio. Wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mtu wa kwanza kubatizwa pale, mwaka 1897, alikuwa mwanamke aitwaye Fiabarema. Wajapani nao walikuwa na kimbilio lao: hekalu la Tokei-ji mjini Kamakura, lililoanzishwa na mtawa wa kike Kakusan mwaka 1285, ambako mke aliyekimbilia na kukaa muda uliowekwa aliweza kupata talaka. Kamakura na Rungwe ziko mbali, lakini katika sehemu zote mbili wanawake walikuwa wakitafuta mlango wa kutokea kabla hawajapewa kura.

Sheria zilikuja baadaye. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilidai ridhaa ya bibi harusi na kutamka kwamba ndoa haibatiliki kwa kukosa mahari, ingawa iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe. Mahakama Kuu iliukataa umri huo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilibatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi na kuagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Kwa wilaya ya migomba, chai na parachichi, ambako shamba ndilo kila kitu, hilo ni jambo kubwa kuliko viti vingi vya Bunge kule Dodoma.

Ndiyo, Tukuyu, mji wa Rungwe, umetoa kiongozi wa kimataifa. Tulia Ackson, aliyezaliwa huko mwaka 1976, alichaguliwa Spika wa Bunge Februari 2022 na kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika nafasi hiyo. Anastahili pongezi. Ila hakuibuka katika wilaya ambayo wanawake wake walikuwa kimya.

Mwaka 1991 kitabu cha maisha ya wanawake wa Tanzania kilichohaririwa na Magdalene Ngaiza na Bertha Koda kilichapisha simulizi ya Rebeka Kalindile, mkulima wa Rungwe, aliyoifanyia kazi pamoja na Mbilinyi. Simulizi za aina hiyo ni chache mno. Mwenye bibi Rungwe, Busokelo au Kyela na akae naye, amuulize aliolewaje, nani alipokea ng'ombe, na nani katika ukoo aliwahi kuondoka. Kisha ayaandike anayoyasikia, kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili, bibi angali hai.