Uji, Mizani na Saa za Kula: Elimu ya Lishe ya Watoto Tanzania, 1973–1988

Historia ya kuwazoesha watoto wa Tanzania kula vizuri ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuwaelimisha watu wazima, kwa kuwa mtoto mdogo hupata mazoea yake ya kula kwa yule anayempakulia. Ndiyo maana serikali, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilianzia katika elimu ya watu wazima ilipokabiliana na utapiamlo, yaani hali ya mwili kukosa virutubisho unavyovihitaji. Mwaka 1973 iliundwa Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya ilienea nchini. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, ambamo wanavijiji walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana kuhusu mashamba yao na vyungu vyao.

Hata hivyo, kampeni hizo hazikuweza kueleza kwa nini mtoto alidhoofu katika nyumba yenye ghala lililojaa. Swali hilo lilijitokeza waziwazi mkoani Iringa, mmoja wa mikoa iliyotegemewa kwa mahindi nchini, ambako utapiamlo wa watoto ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 1983 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ilianzisha huko mradi wa lishe katika vijiji 168.

Msingi wa mradi huo ulikuwa mizani. Katika siku za afya za kijiji mtoto alipimwa uzito, na uzito huo ukaandikwa katika kadi ya ukuaji yenye rangi: kijani ilionyesha maendeleo mazuri, kijivu ilikuwa onyo, na nyekundu iliashiria hatari. Matokeo yalijadiliwa na wanakijiji wenyewe, wakatafuta sababu, wakachukua hatua, kisha wakapima tena, na kwa njia hiyo afya ya mtoto ikawa hoja ya baraza la kijiji badala ya kubaki lawama ya mama peke yake.

Mijadala hiyo ilidhihirisha kuwa watoto wengi walilishwa mara chache kwa siku. Mtu mzima huweza kustahimili kwa milo miwili ya ugali, lakini tumbo la mtoto ni dogo, na uji wa mahindi hubeba maji mengi na unga kidogo. Unga ukiongezwa, uji huwa mzito hata mtoto akashindwa kuumeza. Mama aliyeshinda shambani hakuwa na nafasi ya kurudi jikoni kila baada ya saa chache, hivyo baadhi ya vijiji vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto mchana.

Suluhisho la uji lilikuwamo jikoni tayari. Kimea, yaani ulezi au mtama uliolowekwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kilijulikana tangu zamani na watengenezaji wa togwa na pombe. Kijiko chake kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, vimeng'enya vyake, ambavyo ni protini zenye uwezo wa kuvunjavunja wanga, huulainisha kwa dakika chache, na mtoto akapata unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile.

Kufikia 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vya mwanzo walikuwa wamepungua kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na utapiamlo mkali ulishuka zaidi kwa uwiano. Mafanikio hayo hayakutokana na kimea pekee, kwani chanjo na huduma nyingine za afya zilikwenda pamoja nacho. Lakini yanathibitisha kuwa mafunzo ya lishe hushika mizizi pale yanapogusa ratiba ya kazi na mgawanyo wa majukumu nyumbani. Kumwambia mzazi ampe mwanawe milo mitano, bila kuuliza ni nani atakayeipika na saa ngapi, ni kumwongezea mzigo na kuuita elimu.